Kujiandaa kwa safari ya hisani ya baiskeli, na nyumba isilale njaa

Mtu wa Ukunda au Msambweni akitangaza kwamba ataendesha baiskeli masafa marefu ili kuchangisha pesa, jambo la kwanza analoulizwa ni ana baiskeli gani. Kuna swali la maana zaidi: nani atampeleka mtoto madrasa Jumamosi asubuhi, wakati yeye yuko Gazi anasaka kilomita? Wanaokata tamaa katikati ya mazoezi, wengi wao miguu haina tatizo. Wiki ya nne iliangukia harusi ya binamu, ya tano mtoto akapata homa, ya sita ikawa Idd, na ya saba mama watoto akauliza kwa upole kama hii baiskeli ndiyo mke mwenza.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtu mwenye kazi, jamaa na majukumu, anayetaka kuendesha kilomita 50 mpaka 70 kwa ajili ya hospitali, shule, kisima au mgonjwa wa mtaani, na arudi nyumbani akiwa bado ana nyumba.

Tarehe kwanza

Kusini mwa Pwani ya Kenya kuna mambo matatu yanayoamua tarehe nzuri, nayo ni upepo, mwezi na shule. Anayepanga bila kuyatazama atakuja kupangiwa.

Upepo hapa una zamu zake. Kaskazi huvuma tangu mwezi wa Desemba hadi Machi hivi, na ndio wakati wa jua kali kuliko yote. Masika huanza mwishoni mwa Machi au Aprili, na Mei ndio mwezi wa mafuriko na lami iliyochimbika. Kusi hushika baada ya hapo na kuendelea hadi Septemba, hali ya hewa ikiwa na ubaridi kidogo, na asubuhi zinazompa mtu raha ya kutoka nje. Vuli huja Oktoba na Novemba. Kwa maoni yangu, safari ya hisani ifanywe mwishoni mwa Agosti au Septemba, na mazoezi yaanze katikati ya Juni, ardhi ikishakauka. Anayepanga safari Februari kwa kuwa anga ni safi atajikuta kwenye lami ya Ramisi saa tano asubuhi, jua limemkalia utosini na hakuna mti.

Upepo huo huo ndio unaoamua muelekee wapi. Barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga, yenye urefu wa karibu kilomita 100, inateremka kuelekea kusini magharibi sambamba na bahari. Wakati wa kusi, anayetoka Likoni kwenda Lunga Lunga anakula upepo usoni siku nzima. Safari ya Agosti basi ianzie mpakani, Lunga Lunga, ije Ukunda, kilomita 70 hivi, ili kusi iwasukume mgongoni. Kama ni lazima muendeshe Januari, geuzeni: tokeni upande wa Likoni mkashuke nayo kaskazi. Ajabu ni kwamba nahodha yeyote wa jahazi wa Vanga au Shimoni angewaambia hayo bila kufikiri, lakini kamati za safari huketi hotelini zikapanga njia kwa kutazama mahali penye ukumbi mzuri wa kupokea wageni.

Sasa mwezi. Idadi kubwa ya watu wa kaunti yetu ya Kwale ni Waislamu, na hata asiyekuwa Mwislamu anaishi kwa kalenda ya jirani yake. Kila mwaka Ramadhani huja mapema kuliko mwaka uliotangulia kwa siku 10 au 11. Mwaka 2024 ilianza karibu tarehe 12 Machi, mwaka 2025 ikaanza mwanzoni mwa Machi, na inaendelea kuingia ndani ya miezi ya kaskazi. Hilo linamaanisha kwamba kwa miaka hii ya karibuni, Juni hadi Septemba ni uwanja mtupu: Ramadhani imekwisha, Idd zote mbili zimepita au ya pili iko mlangoni. Shaaban nayo ina mambo yake. Ndio mwezi wa harusi, kila mtu akitaka kumaliza shughuli kabla ya mfungo, halafu siku za mwisho watu wanavunja jungu. Usianze mpango mzito wa mazoezi Shaaban. Utashindana na biriani, na biriani itashinda.

Shule zikifungwa Agosti watoto wako nyumbani, na hilo ni jema na baya. Ni jema kwa sababu mnaweza kuendesha pamoja, na baya kwa sababu wageni kutoka bara hujaa Diani na magari huongezeka. Desemba ndiyo mbaya zaidi: kuanzia tarehe 20 hivi mpaka mwaka mpya, barabara ya ufukweni Diani hujaa magari ya kibinafsi, tuktuk na bodaboda zinazopenya kila upenyo. Krismasi ni wakati wa kula na wazee na kuwatembeza watoto. Kilomita zitasubiri.

Baiskeli uliyo nayo

Usikope kununua baiskeli. Kilomita 50 za lami ya kusini mwa Pwani, ambayo karibu yote ni tambarare, zinaendeshwa vizuri na baiskeli ya mtumba yenye gia, na zimewahi kuendeshwa na wachuuzi wa samaki kwa Black Mamba nzito yenye tenga nyuma. Linaloharibu safari ni baiskeli isiyomfaa mwenyewe kwa kimo, au ambayo haijakaguliwa na fundi.

Mpelekee fundi wiki chache kabla ya kuanza, wala usingoje mwisho. Ukimkuta fundi mzuri, tuseme wa chini ya mwarobaini pale karibu na stendi, angalia anavyofanya kazi. Kwanza anaigeuza baiskeli miguu juu na kuzungusha gurudumu la nyuma kwa kidole, huku amekaza jicho penye raba za breki kuona rimu inacheza upande gani. Anabana njiti mbili mbili kama mtu anayejaribu embe sokoni, na ile iliyolegea anaikaza robo mzunguko tu. Kisha anashika krenki kwa mikono miwili na kuitikisa. Ikilia "kak" anakuambia: "Mama, gololi zimekwisha hizi, ukienda nazo mbali zitakuaibisha." Mtu kama huyo mlipe anachotaka, umsalimie kila upitapo.

Mwombe akufundishe mambo matatu: kuziba pancha, kurudisha cheni iliyochomoka, na kukaza breki. Kando ya barabara kuna mbigiri, na zikiingia kwenye tairi hutaziona mpaka uitie tyubu kwenye karai la maji na kutazama viputo. David Kinjah, mwendesha baiskeli maarufu wa Kenya aliyemlea kimchezo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi ambaye baadaye alishinda Tour de France mara 4, anaendesha kituo chake Kikuyu ambako vijana hujifunza kuendesha na kutengeneza pamoja. Huo ndio utaratibu unaofaa. Asiyejua kuziba tairi yake hajamaliza mazoezi, hata awe na mapaja ya chuma.

Urefu wa kiti unapimwa hivi: kaa juu ya baiskeli ukiegemea ukuta, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukiendesha, utakanyaga kwa kitako cha vidole, na goti litabaki na mkunjo mdogo. Maumivu mengi ya magoti ninayosikia watu wakiyalalamikia yanatokana na kiti kilichoshushwa ili "miguu ifike chini".

Kofia ngumu ya kichwani, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na rifleksa ya kuvaa si mapambo. Kofia ya mtumba iangalie ndani. Ikiwa na ufa iache.

Kwa akina mama na dada zetu kuna jambo ambalo miongozo ya kutoka nje haiandiki. Dera na buibui huingia kwenye cheni na njiti. Suruali nyepesi ndani, buibui fupi la kazi au kanzu ya mpasuko juu, mtandio uliobanwa kwa pini chini ya kofia, na kifuniko cha cheni ambacho fundi anaweza kukifunga kwa gharama ndogo, basi heshima imehifadhika na safari imehifadhika. Yatasemwa mawili matatu barazani wiki ya kwanza. Wiki ya tatu mashangazi wenyewe ndio watakaouliza kama jana ulifika Msambweni.

Wiki kumi

Mazoezi ya mwanzo yasikutishe. Siku tatu kwa wiki zinatosha: mbili za dakika 40 hadi saa moja katikati ya wiki, na moja ndefu Jumamosi au Jumapili. Safari ndefu ya wiki ya kwanza iwe kilomita 12, kwa mfano kutoka Ukunda kuteremka Diani, kufuata barabara ya ufukweni kidogo na kurudi. Iongeze kwa kilomita tano au sita kila wiki, na wiki ya nne punguza, uupe mwili nafasi. Ukifuata hivyo, wiki ya sita utakuwa kwenye 35 hivi, na wiki ya tisa 50 au 55, ambayo ni kwenda Msambweni kutoka Ukunda na kurudi. Wiki ya kumi endesha kidogo kidogo tu na ulale. Aliyeweza 55 mazoezini ataimaliza 70 siku yenyewe, kwa sababu ya wenzake na kwa sababu ya upepo wa mgongoni.

Kasi usiipime kwa saa ya mkononi. Ipime kwa mdomo: kama unaweza kumsimulia mwenzako habari nzima bila kukata pumzi, mwendo ni sawa. Ukibaki kujibu "ndiyo" na "la" tu, punguza. Karibu kilomita zako zote za mazoezi ziwe za mwendo wa mazungumzo.

Mahali pa kupanda mlima ni pamoja tu kwa upande wetu. Kutoka makutano ya Kombani kwenda mji wa Kwale barabara inapanda Shimba Hills hadi karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari. Panda mara moja kila wiki mbili kuanzia wiki ya nne, kwa gia nyepesi, umekaa. Kushuka ndiko kwa hatari; jaribu breki kabla ya kuanza, na usifuate nyuma ya lori. Usiingie njia za ndani ya hifadhi bila kuzungumza na KWS, shirika la wanyamapori. Hifadhi ile ina ndovu, na ndiyo makao ya palahala, swala ambaye Kenya nzima hapatikani kwingine porini.

Kwenye barabara ya ufukweni Diani jihadhari na wenyeji wa mitini. Ngazi za kamba zilizotandwa juu ya barabara ziliwekwa ili mbega wavuke bila kugongwa na magari, lakini nyani wengi hawana habari na ngazi. Huvuka chini, na mtoto wa nyani akishavuka mama yake yuko nyuma. Punguza mwendo, usipige kelele, usiwape ndizi.

Saa ya kutoka ni saa kumi na mbili asubuhi, kukishapambazuka. Ikifika saa tatu uwe umeshageuza kurudi. Baada ya hapo upepo wa bahari hupanda na jua linauma.

Nyumba ikiingia kwenye mpango

Kabla ya kuandika ratiba, keti na wa nyumbani kwako, na kama unaishi na bibi au mama mkwe naye awepo. Chukueni kalenda ya ukutani, ile ya duka la vifaa vya ujenzi inatosha, mtie alama za harusi, matanga ya arubaini yanayojulikana, mikutano ya wazazi, siku za chama, zamu za kazi. Kinachobaki ndicho chako. Ukipata Jumamosi sita kati ya kumi shukuru, na nne zilizobaki zifidie kwa asubuhi za Jumatano kabla ya kazi.

Halafu lipa deni mapema. Anayechukua asubuhi ya Jumamosi arudishe jioni yake. Baba akirudi kutoka Gazi saa nne, kuoga na kulala mpaka adhuhuri ni kujitafutia maneno. Aoge, ale, achukue zamu ya watoto, na mama naye atoke. Nyumba nyingine hufanya vizuri zaidi, mume na mke huendesha kwa zamu, mmoja Jumamosi na mwingine Jumapili, na baiskeli moja inatosha, ila kiti kipandishwe na kushushwa.

Watoto watashiriki kwa furaha ukiwapeleka penye usalama, na hapo ufukwe wa Diani ni neema. Maji yakikupwa, mchanga wa chini unakuwa mgumu kama sakafu na gari halipo. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa sana karibu na saa nne asubuhi, kwa hiyo kutoka saa mbili mpaka saa nne mna uwanja mpana. Maji mafu hayafai, kwani asubuhi bahari iko juu. Ukielekea kaskazini utafika mdomo wa mto Mwachema penye Msikiti wa Kongo, msikiti wa kale ambao bado unasaliwa, hapo geuzeni. Msijaribu kuvuka mto na watoto maji yakianza kujaa.

Chumvi inakula cheni. Siku hiyo hiyo iosheni baiskeli kwa maji matamu, ikaushwe kwa kitambaa, na cheni ipakwe mafuta. Kazi hiyo mpe mtoto wa miaka kumi na msimamie. Kwake ni mchezo.

Ramadhani ikikukuta katikati ya mpango, badilisha nia: lengo ni kutunza ulichonacho, wala si kuongeza. Dakika 30 hadi 40 za taratibu zinatosha, mara mbili au tatu kwa wiki. Wengine hupendelea saa moja kabla ya futari, kwa kuwa maji yako karibu. Wengine baada ya tarawehe, wakiwa wamekula kidogo. Vyovyote utakavyochagua, ikimbie barabara kuu kati ya saa kumi na moja na magharibi. Wakati huo kila dereva wa matatu ana njaa na anataka kuwahi tende yake, na bodaboda hivyo hivyo. Daku isiwe chai na mkate mweupe peke yake. Uji, mayai, viazi, maharagwe na maji ya kutosha ndivyo vinavyomfikisha mtu alasiri. Mwenye kisukari au presha azungumze na daktari kabla, na mjamzito vilevile, iwe Ramadhani au siku nyingine.

Siku ya Idd yenyewe usiendeshe. Nenda ukasalimie watu.

Kula na kunywa kwa chakula chetu

Sioni haja ya vijifuko vya sukari vya dukani kwa safari ya kilomita 50. Pwani yetu imeshajaa chakula cha mwendesha baiskeli. Usiku wa kuamkia safari ndefu, wali wa nazi na samaki, au muhogo wa nazi, bila kushiba kupita kiasi. Asubuhi, saa moja kabla ya kutoka, mahamri mawili na mbaazi nusu bakuli au ndizi na chai. Mbaazi za nazi ni nzito tumboni kwa wengine. Jaribu mazoezini, usijaribu siku yenyewe. Njiani ndizi mbivu na tende, moja kila nusu saa, zinatosha. Viazi karai viache kwanza, ule ukirudi.

Maji ndiyo yenye kazi. Nusu lita mpaka robo tatu ya lita kwa saa, kwa mafunda madogo, uanze kabla hujasikia kiu. Dafu ni zuri sana lakini lina chumvi kidogo mno kwa mtu anayetoka jasho la saa tatu. Tengeneza mchanganyiko mwenyewe: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kamulia ndimu. Mkojo ukiwa wa manjano iliyokolea, umechelewa kunywa.

Mjue mtu aliyezidiwa na joto. Anaumwa kichwa, anahisi kichefuchefu, anayumba. Mwingine anaanza kujibu mambo yasiyoulizwa. Msitoe ahadi ya "tumalizie hizi tano". Mwekeni kivulini, mvueni kofia na viatu, mmwagieni maji na kumpepea kwa leso. Akiwa na fahamu anywe kidogo kidogo. Akichanganyikiwa au kuzimia, pigeni 1199 ya Msalaba Mwekundu, au 999, au 112, huku mkiendelea kumpoza. Kusini mwa Ukunda hospitali kubwa ya umma ni ile ya rufaa ya kaunti pale Msambweni, na kila mwendeshaji anapaswa kujua inafikiwa kwa njia ipi. Hakikisheni pia kila mmoja amejisajili na SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na michango yake haidaiwi.

Siku ya safari barabarani

Makundi ya watu wanane hadi kumi, mstari mmoja, upande wa kushoto, na nafasi kubwa kati ya kundi na kundi ili lori la Tanzania lipate pa kuingia likipita. Kundi la watu 40 lililoshonana ni ukuta, na dereva mwenye haraka atajaribu kuupita kwenye kona. Ukingo wa lami sehemu nyingine umekatika na kuacha ngazi, anayetoka nje ghafla ataanguka, basi kiongozi anyooshe mkono na kupaza sauti "shimo!" au "tuta!" na sauti ipokezwe hadi nyuma. Magari mawili yanatosha, moja mbele lenye taa, moja nyuma lenye maji, pampu, tyubu na sanduku la huduma ya kwanza, na mtu aliyefundishwa kulitumia.

Mjulisheni OCS, yaani mkuu, wa kila kituo cha polisi mtakachopita, pamoja na machifu, mapema na kwa barua. Polisi wakijua, hutoa msaada pale Ukunda na penye masoko. Epukeni sikukuu za kitaifa, hasa zikifanyiwa kwenu, kama Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba 2024 iliyoadhimishwa kitaifa Kwale. Askari wote wanakuwa na kazi nyingine.

Kituo cha kupumzika kizuri ni Gazi. Hapo kuna vivuli, chakula, na kazi ya kujivunia: mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, unauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko, na mapato huingia kwenye mambo ya kijiji kama maji na shule. Mchangishaji pesa yeyote atajifunza kitu kwa kuona kijiji kinavyoketi na kuamua fedha ziende wapi.

Pesa za watu

Hapa ndipo safari nyingi za hisani huharibikia, baada ya wote kumaliza salama na kupigwa picha.

Chagueni lengo moja lenye jina na kiasi. "Kusaidia jamii" halichangishi. "Vitanda sita vya wodi ya kina mama" linachangisha. Zungumzeni na hospitali au shule kabla ya kutangaza, mpate barua yao kwamba wanakihitaji hicho kitu. Kuna shule zimewahi kuletewa kompyuta na hazina umeme. Mwaka 1980 huko Massachusetts, Marekani, watu 36 walianza safari ya baiskeli ya Pan-Mass Challenge kwa ajili ya taasisi moja ya saratani, Dana-Farber. Leo wanaendesha maelfu, na bado pesa zinaelekezwa huko huko. Kwetu Kenya, mbio za baiskeli za 10to4 zinachangia hifadhi ya Mlima Kenya kupitia Mount Kenya Trust. Mfadhili anajua shilingi yake inakwenda wapi kabla hajaitoa.

Kuomba pesa kwa umma kunasimamiwa na Sheria ya Makusanyo ya Umma, Sura ya 106. Ulizeni kwenye ofisi ya naibu kamishna wa kaunti ndogo yenu, Msambweni au Matuga au Lunga Lunga, kama mnahitaji leseni, kabla hamjachapisha bango. Msitumie nambari ya simu ya mwenyekiti. Fungueni nambari ya Paybill au akaunti ya M-Changa kwa jina la shughuli, na benki isitoe pesa bila sahihi za watu wawili wasio wa nyumba moja.

Gharama za safari, yaani fulana, maji, petroli ya gari la nyuma na chakula, zilipwe kwa ada ya waendeshaji au na mfadhili mmoja wa biashara, na zisiguse mchango hata kidogo. Fulana ni kishawishi kikubwa. Nimeona safari ambayo fulana zilipendeza kuliko hesabu.

Mtunza hazina awe mtu asiyeendesha, kwa sababu mwendeshaji wiki ya mwisho akili yake iko kwenye magoti. Kila jioni aweke kwenye kundi la WhatsApp jumla iliyoingia siku hiyo. Na wiki moja baada ya safari, hesabu kamili imfikie kila aliyechanga, pamoja na risiti ya kilichonunuliwa na picha yake kikiwa mahali pake, hata kama mchango wake ulikuwa shilingi 20.